Neno la Shingoni

Mnicheke taratibu, ndugu zangu, shingo bado inawasha kwa kusuguliwa na sabuni.

Nilitaka tatuu ya kumshukuru mama, aliyehamia Kyebando, hapa Kampala, kutoka Voi akanilea peke yake. Fundi wa tatuu, kule Nakivubo, aliniuliza kama nimefikiria uzee. Nilikuwa nimefikiria mno. Nilikataa waridi, maana shingo ikikunjamana litafanana na kabichi. Nilikataa herufi ndogo, maana wino husambaa. Nikachagua maneno matatu, herufi nene, ubavuni mwa shingo, nikamwandikia mimi mwenyewe kwenye karatasi ili asije akakosea.

Fundi akayachora kwa kalamu tu. "Sindano kesho, ssebo," akasema. "Leo tembea nayo, watu wa nyumbani waione."

Niliondoka nikinung'unika kwamba ananichelewesha. Leo namwombea maisha marefu.

Nyumbani nilimwinamia mama kama mtu anayepokea medali. Alivaa miwani, akasoma polepole: "Fahali ya Mama."

Akaifuta miwani kwa kanga. Nikajua machozi yanakuja.

"Ulitaka kuandika fahari?" akauliza.

"Si ndiyo hiyo, mama? Fahali."

Mimi ni mtoto wa Kampala. L na r kwangu ni mapacha. Mama alinishika kidevu, akageuza shingo yangu kwenye mwanga ili asome tena.

"Fahali ni dume la ng'ombe," akasema. "Mimi nilizaa, mwanangu. Sikufuga."