Jibu Alilolinong'ona

Darasani walimwita Bubu, ingawa ulimi alikuwa nao. Maneno ndiyo yaliyomkwama kooni, na kila alipoyasukuma wenzake waliangua kicheko. Basi binti wa watu akazoea kunyamaza. Baba yake alikuwa fundi magari, na ni kwenye lundo la vyuma vya gereji binti alikookota mota ya waipa, ile ya kufutia kioo cha gari, ya kugeuzia paneli ya sola ya mradi wake wa fizikia ilifuate jua. Alihangaika miezi mitatu. Aliweka vitambuzi viwili vya mwanga, katikati kipande cha bati; kimoja kikiingia kivulini, mota inageuza paneli mpaka vyote vipate jua sawasawa.

Mradi ulipochaguliwa kwenda mashindano ya sayansi, mwalimu wa fizikia alimwita pembeni. Akamweleza kwa upole kwamba majaji wana haraka, na mtoto wa kiume wa mkuu wa shule ni mwepesi wa kusema.

"Utasimama naye, mwanangu. Yeye ataongea tu."

Akaitikia kwa kichwa. Hata alishukuru.

Siku ya siku, mvulana alitiririka kama aliyeuunda mtambo mwenyewe. Jaji mmoja akauliza, wingu likifunika jua, paneli itafuata nini? Mvulana akamgeukia Bubu. Bubu akamsogelea sikioni, akanong'ona, na safari hiyo hakuna neno lililokwama: "Inatulia palepale. Mwanga ukirudi, inaendelea." Mvulana akalirudia jibu kwa sauti. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mradi ukashinda, lakini nafasi ya kusoma ng'ambo waliyotunukiwa ilikuwa moja. Baba mtu alikwenda shuleni na ovaroli lake la grisi kuulizia, akaambiwa fomu ilimtaka aliyewasilisha mradi. Akarudi, akashika spana, hakuligusia tena jambo hilo.

Leo Bubu ana miaka thelathini na minne, anafunga sola kwenye mapaa ya watu. Majuzi kazi ilimpeleka kwa mwalimu yule, sasa mstaafu. Mzee alimkaribisha maji, akamwonyesha gazeti: yule mvulana, sasa mhandisi mwenye tai, akisimulia mtambo aliobuni shuleni.

"Huyu alinipa heshima. Nawe ulikuwa ukimsaidia, au sio?"

Bubu alifungua kinywa. Neno la kwanza likagoma, akalisukuma, likagoma. Mwalimu akamwonea huruma, akammalizia: "Ulimsaidia sana."

Bubu akarudisha glasi, akapanda tena ngazi ya paani. Zilibaki bolti nne, na mteja mwingine alikuwa akipiga simu.