Nafasi Mbili za Mpinzani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, gari la kwanza lilipinda na kupanda kwenye nyasi za mwenye nyumba wetu. Saa ile naikumbuka kwa sababu yeye mwenyewe aliitaja. "Wamechelewa dakika kumi kuliko mwaka jana," alisema, akaendelea kunywa kahawa yake kibarazani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mwenzangu, mtu wa Bukavu, tulikuwa tumepanga chumba cha chini katika nyumba ya mwalimu mstaafu wa hisabati, upande wa Maryland, Marekani. Kutoka pale hadi uwanja wa chuo kikuu ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Siku za kazi mimi niliegesha magari ya wageni katika hoteli moja huko Alexandria, jimbo la jirani, na mwenzangu alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Jumamosi za mchezo tulimsaidia mwenye nyumba. Mtaa mzima ulikuwa na desturi hiyo: kila mwenye nyasi alizigeuza maegesho, dola kumi kwa gari, na majirani waliosalimiana kwa upole mwaka mzima walisimama barabarani wakipunga vitambaa na kunyang'anyana wateja. Nyasi zake zilichukua magari kumi na manne. Alikuwa amezipima kwa kamba.

Alipokea gari la mtu yeyote, isipokuwa mashabiki wa chuo kimoja kutoka jimbo jingine. Wale hawakukanyaga nyasi zake kwa miaka thelathini na moja.

Nilipohamia pale sikuuelewa mpira wa Kimarekani. Niliazima kitabu cha sheria zake katika maktaba ya kaunti, nikakisoma mara tatu na kuchora michoro yake, mpaka nikaweza kumwuliza mwenye nyumba swali lenye maana. Alifurahi mno. Ndipo aliponieleza kisa chake. Alipokuwa mwanafunzi, rafiki aliyekaa naye chumba kimoja alivunjwa mguu uwanjani katika mchezo dhidi ya chuo kile. Mwenye nyumba hakuwa mchezaji. Alikuwa mmoja wa wabeba machela. Walipomwinua majeruhi, jukwaa la wageni lilianza kuhesabu hatua za wabebaji kwa sauti moja, kama wimbo: moja, mbili, tatu. Walifika arobaini na sita kabla machela haijatoka uwanjani, kisha wakapiga makofi.

"Yeye aliwasamehe kabla ya Krismasi," aliniambia. "Mimi sikuvunjwa kitu, kwa hiyo sikuwa na haraka."

Rafiki yule alifariki mwezi wa Aprili wa mwaka ninaousimulia. Mchezo wa siku ile, dhidi ya chuo kilekile, ulikuwa wa kwanza tangu kifo chake. Mwenye nyumba alituita jikoni usiku wa kuamkia mchezo. Hakupaza sauti. "Mwaka huu kuliko miaka yote," alisema, "hata gari moja lisiingie. Ni kitu pekee ninachoweza kumfanyia sasa."

Alitufundisha kukagua vitu vitatu: namba za gari, bendera dirishani na rangi ya nguo. Wapinzani walivaa kijani. Hadi saa nne tulikuwa tumejaza nafasi kumi na mbili, na tumewarudisha watu wa kijani wasiopungua ishirini. Wengine walicheka. Mmoja alitutukania mama zetu, na mwenzangu akamjibu kwa Kiswahili cha kwao, kwa tabasamu, maneno ambayo sitayaandika.

Kisha likaja gari lenye namba za Maryland, halina bendera. Dereva alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeusi. Alisema anatoka Bowie, mji wa humohumo jimboni. Nilipokea noti yake kwa mikono miwili, nikamwambia karibu, nikamwongoza hadi nafasi ya kumi na tatu. Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka na mzee mmoja akaanza kujitoa nje, akiushika mguu wake wa kulia kwa mikono kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake. Alikuwa amevaa sweta ya kijani kuanzia kidevuni hadi kiunoni.

Sikujua la kufanya. Ningeweza kumrudishia mwanamke yule pesa yake, lakini nilikuwa nimekwisha kumkaribisha, na kwetu neno hilo halina njia ya kurudi.

"Yaya," mwenzangu aliniita, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "uyu muzee hawezi tembea mbali. Mimi nafanya iyo kazi kila siku, najua. Mguu yake iko mubaya sana."

"Na mwenye nyumba?"

"Anakuja. Weye ndiye utamuambia. Mimi niko mugonjwa wa koo."

Mwenye nyumba alikuwa ameshuka kibarazani. Alisimama hatua chache kutoka kwa mzee yule, akaitazama sweta, akautazama mguu, akaitazama tena sweta. Nilimweleza kosa langu kwa sentensi mbili.

Mzee alianza kutembea kuelekea barabarani, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwa mwanamke yule, binti yake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jirani, fundi bomba mwenye sauti nene, aliyekijua kisa cha machela kama mtaa wote ulivyokijua. Nadhani alitaka kumfurahisha rafiki yake. Aliweka mikono mdomoni kama tarumbeta.

"Moja!" alipaza sauti. "Mbili! Tatu!"

Wateja wake wawili walidakia. "Nne! Tano!"

Mzee alisimama. Sidhani alielewa wanahesabu nini, ila alijua anahesabiwa yeye. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mwenye nyumba alivuka barabara bila kutazama magari.

"Nyamaza," alisema.

"Aa, Profesa! Si ndio walewale?"

"Ndio walewale. Nyamaza."

"Miaka thelathini unatusimulia, leo tunakulipia kisasi, unakasirika?"

"Niliwasimulia ili mjue ni jambo baya. Sikuwasimulia ili mjifunze namna ya kulifanya."

Jirani aliishusha mikono yake. Mwenye nyumba alirudi, akasimama mbele ya mzee, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza na mtu wa chuo kile. "Gari lenu litakaa hapa," alisema. "Nafasi ya pembeni yake itabaki wazi, mlango ufunguke wote mkirudi." Akanigeukia mimi. "Mrudishie mama pesa yake."

"Hatuombi msaada," mwanamke alisema.

"Wala mimi sitoi. Pesa ya chuo chenu hailali kwenye nyumba hii."

Walirudi saa kumi jioni. Timu yao ilikuwa imeshinda, na mzee alikuwa na busara ya kutolitaja hilo. Alimnyooshea mwenye nyumba mkono. Mwenye nyumba aliitia mikono yake yote miwili mifukoni, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akaenda kusimama katikati ya barabara na kuzuia msururu wa magari ya mashabiki wenzake, waliompigia honi na kumzomea, mpaka gari lile likatoka salama kinyumenyume.

Nimefanya kazi na watu wengi wasio na kinyongo na mtu, na ni wachache tu kati yao wangeingia barabarani vile. Nilimwuliza kama hakuhofia kwamba amemwangusha marehemu.

"Ningemfukuza mzee yule, angenigombeza," alisema. "Na ningempa mkono, mimi mwenyewe ningejigombeza. Tumepatana katikati."

Alitulipa ujira wa magari yote kumi na manne, pamoja na lile lisilolipiwa na lile ambalo halikuwapo. Nafasi mbili, dola kumi kila moja: siku ile alipoteza dola ishirini.