Zambarau ya Mama Mkubwa Niliyowagawia Watu wa Temeke

Jamani, aliyeharibu ni mie. Si fundi, si wifi, si shetani. Mie na ujuaji wangu! Naandika bila jina kwa sababu nusu ya ukoo wetu wanasoma ukurasa huu, na nusu nyingine husimuliwa.

Nimemaliza chuo, kazi bado, naishi Chanika kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Alipokuwa anamwoza binti yake, Rehema, aliniita jikoni.

"Wewe si umesoma? Watu wanapotea kuja huku kwetu. Wachoree njia, uwarushie kwenye grupu la harusi."

Kazi ndogo! Lakini mie ni mtu wa kusahau kula kwa kuwaza unene wa mshale. Nikafungua programu ya slaidi, ileile tuliyokuwa tunafanyia prezentesheni chuoni, nikachora mistari mitatu inayokutana nyumbani: mmoja wa wanaotoka Temeke, mwingine wa wageni wa mikoani watakaoshuka stendi ya Mbezi Luis, na wa tatu wa upande wa bwana harusi, Mbezi Beach. Kila mstari na rangi yake. Mwanzoni mwa kila mstari nikaweka kipicha cha mwanamke aliyevaa gauni la rangi hiyohiyo. Kwa nini gauni? Sijui! Kilikuwepo, nikakiweka.

Rangi za kwenye programu hazikuniridhisha. Sasa kuna alama ya kibomba, kama kile cha dawa ya macho: unakigusisha kwenye picha yoyote, kinanyonya rangi yake. Nikanyonya zambarau moja tamu mno kutoka kwenye picha zangu, nikawapa Temeke.

Ile picha, ndugu zangu, ilikuwa ya kitambaa cha mama mkubwa. Nilikipiga picha mwenyewe siku nilipotumwa kukipeleka kwa fundi. Rangi ya mama wa bi harusi! Rangi ya siri, ambayo siku ile haivai mwanamke mwingine yeyote, hasa hasa wifi yake, Shangazi Mwajuma wa Temeke, ambaye wanashindana naye kupendeza tangu mie sijazaliwa.

Chini ya mchoro niliandika: "Fuata mstari kulingana na unakotoka." Nikayatazama yale maneno. Nikaona yanajaza ukurasa. Nikayafuta! Loh, laiti kidole kingevunjika.

Simu ya mama mkubwa imejaa, picha hazifunguki. "Rusha tu, nakuamini." Nikarusha.

Kesho yake Shangazi Mwajuma akanitumia sauti: "Mwanangu, tumeiona rangi yetu, tumeipenda! Mikono yako ibarikiwe!" Nikairudia kuisikiliza hadi Rehema akanipokonya simu. Nilijua nimeshakuwa mbunifu.

Mnaona wenyewe kilichotokea. Mjini hapa ukimwonyesha mwanamke rangi kwenye tangazo la harusi, umemwonyesha sare.

Siku ya harusi Temeke wakashuka, wote zambarau, Shangazi Mwajuma mbele na kilemba juu. Mlango wa chumbani ukafunguka, mama mkubwa akatoka na zambarau yake. Vigelegele vikakatika.

Kabla hajasema neno, wanawake wa upande wa bwana harusi wakaingia wanacheza, wamebeba kanga za kumvika mama mzazi. Asubuhi ile ndiyo walikuwa wamenong'onezwa kwamba mama ni yule wa zambarau. Wakamvika wa kwanza waliyemkuta. Shangazi Mwajuma!

"Wifi, hizo zangu!"

"Wifi, zimenifuata zenyewe, nifanyeje?" Na huku anacheza.

Turubai zima kicheko. Mama mkubwa hakucheka. Macho yake yalimtafuta fundi Seif, jirani yetu, aliyekuwa amekaa na sahani yake ya pilau.

"Fundi, umeniuza. Kitambaa changu hukigusi tena."

"Bibie, wallahi mimi..."

"Maliza pilau yako."

Na mie nimesimama palepale, nimebeba kreti la soda. Nikaendelea kugawa soda!

Mama mkubwa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama mtaani. Alipomhama fundi, na wenzake wakahama. Nikawa nikipita pale, cherehani kimya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, msomi. Nyumbani bado wamenuna?"

Nilitaka kusema, nikaogopa, na badala ya kusema mnajua nilifanya nini? Slaidi! Slaidi ya kuungamia, yenye mishale: akikasirika niende huku, akilia niende kule. Mwisho nikajichoka mwenyewe. Nikampelekea mama mkubwa ule mchoro wa njia. Akavaa miwani.

"Huyu wa zambarau nani?"

"Watu wa Temeke, mama."

"Na gauni langu kalitoa wapi?"

Nikamweleza yote, mishale imenipotea. Akainama, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka!

"Kwa hiyo Mwajuma hakuniiga. Alitii!" Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Na fundi wa watu nimemwaibisha mbele ya sahani. Vaa viatu."

Kwa fundi, mama mkubwa aliomba radhi, nami nikaomba. Fundi Seif alitutazama, akachomoa pini mdomoni.

"Bibie, ningetaka kukuuza ningewauzia vipimo vyako. Siri ipo huko, si kwenye rangi."

"Mshenzi wewe!" akasema mama mkubwa, akamwachia kitambaa kipya. Jioni ile nikaamriwa kutuma sauti kwenye grupu la kikundi, nieleze kosa ni la nani. Wiki haikuisha, cherehani ikaanza kulia tena. Kanga tu ndizo hazijarudi kutoka Temeke.

Nyie mnaochora, rangi yenye maana iandikieni maana yake, hata kama ukurasa utajaa. Na mkikosea, semeni palepale, kabla mwenzenu hajamaliza pilau yake kwa uchungu.

Mie sasa nachora kwa nyeusi na nyeupe tu. Juzi nimerusha ratiba ya kisomo cha dua nyumbani. Shangazi Mwajuma akajibu haraka: "Mwanangu, nyeusi ndiyo gauni, nyeupe ndiyo mtandio, siyo?"