Ukoo Uliopita kwa Yusufu

Kaka yangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Misumari kwa sababu mdomo wake haukosi misumari. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Unajaza mdomo misumari midogo, unausukuma mmoja nje kwa ulimi, nyundo yenye sumaku inaudaka, unagonga, na mkono wa pili unabaki huru kuvuta kitambaa. Ni ufundi mzuri, sikatai, ila kwa kaka umekuwa pia maficho. Ukimuuliza jambo asilotaka kulijibu, anajaza mdomo. Mimi namshonea vitambaa vya makochi kwenye karakana hiyohiyo, cherehani yangu ikiuangalia mgongo wake, na maswali yangu mengi yamejibiwa na nyundo.

Swali moja ndilo tuliloliogopa sote. Kaka alimwoa wifi yangu akiwa na mimba ya mwanamume mwingine, ambaye aliposikia tu habari hiyo alihama mji. Mama yetu alilia mpaka sauti ikakauka. Kaka akamwambia, "Mtoto atazaliwa kwangu, mama. Kitanda hakizai haramu." Akarudi kugonga. Mtoto alipozaliwa, yeye ndiye aliyempa jina. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo nilimwona akiifanya, kuanzia kumbeba mgongoni huku anapaka gundi hadi kumtafutia shule. Sasa binti ni mtu mzima, anauza dawa kwenye duka la dawa, na hakuwahi kuambiwa. Nilimsihi kaka amwambie, nikamtisha, nikamnunia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia. Akajaza mdomo.

Basi Jumanne moja akaingia karakana mtu mrefu, amevaa suti kwenye jua la kukaanga. Nilidhani anataka makochi ya ofisi, nikampangusia kiti.

"Habari za kazi, fundi," akasema. "Mimi ni kaka mkubwa wa yule bwana. Unamjua ninayemsema."

Kaka akaacha kugonga.

"Tumemzika mwezi uliopita. Hakuacha mtoto mwingine. Mama yetu yuko kitandani, anataka kuiona damu yake kabla hajafumba macho. Damu nzito kuliko maji, fundi. Jumapili nitakuja kanisani kwenu. Ukiwa umemwambia binti, vizuri. Kama bado, nitamwambia mwenyewe, kisha nimchukue akawaone watu wake."

Watu wake! Sisi tulikuwa walinzi wa getini, siyo? Nikasimama. "Samahani baba, na hao watu wake walikuwa wapi siku zote? Walikwama kwenye foleni?"

Bwana Suti alikuwa anamtazama kaka tu, na kaka, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitaka kusema kitu haraka. Akavuta pumzi. Macho yakamtoka, akashika koo, akakohoa misumari sakafuni. Aliponigeukia alikuwa mweupe midomo.

"Nimemeza mmoja," akasema.

Hospitali wakampiga picha, na msumari ukaonekana umetulia tumboni kama uko kwake. Daktari akasema utapita wenyewe, Mungu akipenda, ila akiona damu au maumivu makali tumkimbize. Akamkataza kabisa kuweka misumari mdomoni. Njiani kurudi nilikuwa nimeshika mkono wa kaka kama mtoto mdogo, na sikujua niogope lipi kwanza.

Ubaya ni kwamba ugonjwa ulimleta binti karibu. Kila akitoka kazini anakaa kando ya kitanda cha baba yake, anamkanda mgongo, anamlisha vyakula laini. Utamwambiaje mtu maneno mazito huku anakupulizia kijiko? Wifi naye alipita na kurudi na nguo zilezile za kukunja, anatutazama tu.

Na Jumapili hiyo binti ndiye aliyepangiwa kusoma kanisani, na somo lilikuwa ukoo wa Yesu. Kanisani kwetu majina yale hayasomwi yote. Mzee wa kanisa ana mtindo wake: soma Ibrahimu, ruka mpaka Daudi, ruka mpaka Yusufu, watu wana njaa. Binti akakataa. Kama majina hayana kazi, alisema, yaliandikwa ya nini? Ikawa kila jioni anafanya mazoezi hapohapo kitandani.

"Ona, shangazi," akaniambia Alhamisi. "Humu yumo Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Rahabu, kahaba. Ruthu, mgeni kabisa. Mke wa Uria pia yumo. Sisi tungewaficha hawa."

Wifi akatoka na nguo zake za kukunja.

"Ila hapa ndipo ninapochanganyikiwa," binti akaendelea. "Huyu akamzaa huyu, yule akamzaa yule, tunatoka mbali hivyo mpaka kwa Yusufu, kumbe Yusufu mwenyewe hakumzaa! Sasa ukoo wote huu unamhusu nini mtoto? Baba, wewe waonaje?"

Mkono wa kaka ukaenda mdomoni. Hakukuwa na msumari.

"Unamhusu," kaka akasema taratibu. "Yusufu aliambiwa ampe mtoto jina. Akampa. Mwanamume akimpa mtoto jina mbele za watu, amemwingiza kwenye ukoo wake. Babu zake wakawa babu za mtoto kweli, si wa kuazima."

Kumbe miaka yote ile kwenye nyundo alikuwa anamfikiria Yusufu! Niliumia kwa ajili yake. Binti akacheka. "Baba umeanza kuhubiri. Msumari huo una upako."

Ijumaa msumari ukatoka, tukamshukuru Mungu, na kaka akakosa kisingizio. Jumamosi mchana akamwita binti karakana, akamkalisha kwenye kochi lisilo na kitambaa, akamwambia yote. Alisema mdomo mtupu, bila kupunguza, na jina la yule bwana akalitaja. Mimi cherehani nilikuwa nimeizima, nikiomba kimoyomoyo.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuuliza habari za Yusufu, baba, na wewe ukanijibu za Yusufu, kumbe zilikuwa zetu."

Akaondoka. Nyumbani alijifungia chumbani, hakula, na wifi alipogonga mlango alijibu, "Mama, niache." Kaka alikaa sebuleni ameshika kofia yake. "Nimempoteza," aliniambia. Nami niliamini hivyo.

Jumapili binti alitangulia kanisani peke yake. Bwana Suti alikuwa benchi la nyuma, suti ileile. Binti akapanda madhabahuni, akaanza na Ibrahimu, na hakuruka hata jina. Mzee wa kanisa akamwonyesha ishara ya kidole kwamba aruke, binti akajifanya hajaona. Watoto wakaanza kulia, akina mama wakajipepea. Alipofika kwa Yusufu, sauti ikakatika. Akasimama pale ameinamisha kichwa, na kaka kando yangu alikuwa amebana vidole vyangu mpaka vinauma. Halafu binti akaendelea, akasoma hadi Yusufu anapoamka na kumpa mtoto jina, akafunga kitabu.

Nje, Bwana Suti alimfikia kabla yetu. Binti akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba mkubwa."

Baba mkubwa! Nilisikia kaka akivuta pumzi kama amechomwa.

"Marahaba, mwanangu," Bwana Suti akasema, uso umemkunjuka. "Twende basi, gari liko pale. Bibi yako anakusubiri."

"Bibi nitamwona," binti akasema. "Lakini mimi sikuokotwa njiani, baba mkubwa. Nina baba. Muombe yeye kwanza."

Bwana Suti akakohoa, akaweka tai sawa, akamgeukia kaka yangu mwenye gundi kwenye kucha. "Fundi," akaanza, kisha akarekebisha: "Baba. Naomba ruhusa binti aje amsalimie bibi yake."

Kaka angeweza kukataa. Mimi nilitaka akatae, nasema wazi. Alikwangua gundi kwenye kucha moja.

"Atakuja kesho," akasema. "Nitamleta mimi."

Ndipo binti akamtazama, mara ya kwanza tangu jana yake, macho yamevimba. "Basi uvae shati la maana, baba," akamwambia. "Unakwenda kwa watu."

Kaka akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia palepale mbele ya wazee wa kanisa.