Mafundi Wawili na Trekta ya Kendu Bay

Trekta ile ilikuwa safi kupita kiasi, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza. Ilisimama chini ya mabati katika yadi moja mjini Migori, nyekundu, inang'aa, tairi zake zimepakwa kitu cheusi kama viatu vya mtoto siku ya kufungua shule. Kijana aliyekuwa akiiuza aliniambia imetoka Japani moja kwa moja na haijawahi kugusa udongo wa Kenya. Mita ilionyesha masaa machache sana ya kazi. Lakini nilipoinama kutazama pedali ya klachi, niliona mpira wake umelika mpaka chuma kinaonekana.

Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na nimesimamia mitihani mingi. Mtu aliyezoea kupita katikati ya madawati akitafuta nani ameandika kitu kwenye kiganja haachi tabia hiyo siku anapostaafu.

Nina ekari tano karibu na Kosele, udongo mweusi ule unaonata kama gundi ukilowa. Kila msimu nilikuwa nangojea trekta kubwa ya kukodi, na kila msimu mwenye trekta alimaliza mashamba ya wakubwa kwanza. Alipofika kwangu mvua ilikuwa imeshashika, magurudumu yanazama, naye anageuza anaondoka. Ndipo nikaamua kutafuta trekta ndogo, zile zilizokwisha kutumika Japani, ambazo hata mwalimu mstaafu anaweza kuzifikia.

Nilikwenda Migori na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi wa injini za kusaga mahindi na za boti huko Homa Bay. Huniita "yuora", yaani shemeji kwa Kijaluo, na hajawahi kunidai kitu. Lakini nimeona wajane wawili wa jirani wakisukumwa kutoka kwenye mashamba yao na ndugu wa waume zao, na tangu hapo nimekuwa nikiwatazama ndugu wote wa mume wangu kwa jicho la pembeni. Huyu naye nilimtazama hivyohivyo.

Siku hiyo alizunguka trekta mara mbili, akagonga hapa, akanusa pale. Mimi nikaweka mkono kwenye injini. Ilikuwa na joto.

"Mmeiwasha leo?" nikamuuliza muuzaji.

"Hapana, mama. Tangu jana haijaguswa."

Asubuhi ilikuwa na mawingu, na trekta iko kivulini. Shemeji mwenyewe ndiye aliyewahi kunieleza kwamba injini ya dizeli iliyochoka hukataa kuwaka ikiwa baridi, lakini ukiipasha moto kabla mteja hajafika, inawaka mara moja. Nilimtazama nione kama atasema. Hakusema. Muuzaji akazungusha ufunguo, ikawaka palepale, akanitazama kwa furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha yeye na shemeji wakaenda nyuma ya kontena lililokuwa yadini. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na niliposogea wakanyamaza. Shemeji akachomoa simu yake akaanza kuitazama, ingawa haikuwa imelia.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza walikuwa wakisema nini.

"Mambo ya kazi tu, yuora. Hiyo mashine inaweza kukufaa. Nipe wiki moja, usilipe kitu bado."

Wiki moja ya nini? Usiku ule na usiku uliofuata swali hilo lilikaa nami kitandani.

Siku ya tatu niliondoka Kosele alfajiri bila kumwambia mtu, nikafika Migori wakati mlinzi anafungua lango. Nikamwambia nimekuja kuona trekta nyekundu.

"Ngojea kidogo, mama," akasema. "Hiyo huwa wanaiamsha kwanza na dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya kupuliza. Bila hiyo haiamki."

Nikakaa kwenye tairi kuukuu nikangojea. Muuzaji alipofika na kuniona, mwendo wake ulibadilika. Nikamwomba aiwashe hapohapo, kabla ya dawa, kabla ya chai. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa tena, mpaka betri ikazimia. Kijana akapangusa mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa chafu.

"Mama, kwani shemeji yako hakukuambia?" akasema. "Yeye aliiona hii shida siku ileile. Tuliongea."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Homa Bay. Nilimkuta shemeji kwenye karakana yake, mikono imejaa grisi. Sikumsalimu. Nikamwambia yote niliyoyaona na kuyasikia, nikamuuliza alikuwa ameahidiwa nini. Wateja wawili walikuwa pale, wakajifanya wanatazama barabara.

Aliosha mikono kwa sabuni ya unga, polepole, kidole kwa kidole.

"Niliona injini imechoka," akasema. "Nikamwambia aifungue, aweke ringi mpya za pistoni, ndio nikulete tena. Hiyo ndiyo wiki niliomba. Alitaka kunipea kitu, nikakataa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Wewe ukisikia kasoro moja unatupa kitu chote. Tungetafuta trekta mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Basi."

Maelezo yake yalikaa sawa. Lakini nimesikia watoto wengi sana wakijieleza vizuri, karatasi ya majibu ikiwa imefichwa ndani ya soksi.

Baada ya mwezi hivi alinitumia ujumbe kwamba kuna mzee Kendu Bay anauza trekta ndogo. Mzee huyo alikuwa ameiagiza mwenyewe kwa ajili ya shamba lake la vitunguu karibu na ziwa, na sasa magoti yake yamekataa kuipanda. Kitu cha kwanza nilichojiuliza ni kwa nini shemeji anahangaika hivi. Kwa hiyo nikatafuta fundi mwingine, mtu wa Oyugis asiyemjua yeyote kati yetu, nikamlipa aje siku hiyohiyo. Shemeji sikumwambia.

Walikutana langoni kwa yule mzee. Shemeji alimtazama yule mgeni, akatazama mkoba wake wa spana, akaelewa. Mimi nikatoa daftari, nikachana karatasi mbili, nikampa kila mmoja na kalamu.

"Kila mtu ataangalia peke yake," nikasema. "Ataandika kila kasoro atakayoiona. Hakuna kuongea mpaka nikusanye."

Yule wa Oyugis akacheka akidhani natania. Shemeji hakucheka. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, kama mtoto wa darasa la nne.

Mzee naye hakuniamini. Alidai kitambulisho changu akakiweka mfukoni mwa shati, akasema trekta haitavuka ua wa mkonge mpaka atakapokuwa amelipwa. Ilikuwa mashine mbaya kwa sura: rangi imefifia, kiti kimefungwa kwa gunia. Maandishi ya Kijapani mzee alikuwa ameyafunika kwa plasta na kuandika yake kwa kalamu ya wino mzito: MBELE, NYUMA, POLEPOLE, na penye kitufe kimoja, USIGUSE. Nikaweka mkono kwenye injini. Ilikuwa baridi kabisa. Ikawaka kwa jaribio la pili.

Mafundi walipomaliza nikasoma karatasi nikiwa nimesimama. Yule wa Oyugis aliandika mambo matatu: klachi inakaribia kuisha, radieta inavuja, tairi moja la nyuma limepasuka ubavuni. Shemeji aliandika hayohayo matatu, na la nne: mkono wa chuma unaobeba plau una ufa uliochomelewa na kupakwa rangi juu.

Nikamwonyesha mzee.

"Hilo nililichomelea mwenyewe," akasema, hana aibu. "Nilikuwa nangoja nione nani ataliona."

Yule wa Oyugis akainama kutazama, akasema kweli, limempita. Nilijiuliza kama kweli lilimpita, au walikuwa wameelewana amwachie shemeji. Kisha nikajiuliza nitaendelea kujiuliza hivyo hadi lini.

Tulipatana bei, nikalipa, mzee akanirudishia kitambulisho, na trekta ikavuka ua wa mkonge. Shemeji aliiendesha mpaka barabarani. Kabla ya kuondoka alinikabidhi kalamu yangu.

"Nimepita, mwalimu?" akauliza.

Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku hiyo; nilikuwa yuora.

Msimu uliofuata nililima shamba langu lote kabla ya mvua, na majirani wawili wakaniomba niwalimie. Trekta ni nyepesi kidogo kwa udongo wetu, ukichelewa inateleza, lakini ukiiwahi ardhi ikiwa na unyevu kidogo tu inakwenda vizuri. Shemeji alibadilisha klachi, na ule mkono wa plau akautengeneza upya. Kazi yote aliifanya uani kwangu, nikiwa nimesimama. Kila alichokitoa alikiweka juu ya gunia mbele yangu, kwa mstari.

"Angalia, mwalimu. Hiki ni cha zamani, hiki kipya."

Nilimwomba msamaha mbele ya mke wake. Akasema haina neno. Chai akanywa, akashukuru, akaniita mwalimu.

Radieta ilipokufa kabisa, mwaka jana, nilimpa ufunguo nikamwambia aipeleke karakana kwake Homa Bay, akae nayo mpaka amalize, mimi sitakuja. Alinitazama muda mrefu kabla ya kuupokea. Alikaa nayo siku nne. Sikupiga simu hata mara moja, ingawa nilikuwa natembea na simu mkononi mpaka jikoni.

Siku ya tano, mchana, niliisikia injini ikipanda kutoka barabarani. Nikatoka nje. Aliingia langoni akasimamisha trekta mbele yangu, akazima, akangoja. Macho yangu yalikwenda kwenye radieta kabla ya kwenda usoni kwake, na yeye aliona yalikotangulia.