King'amuzi Nilichokirudisha Lushoto

Nakumbuka Jumamosi moja nilipopanda kilima kutoka gulioni Mlola na wanawake tisa nyuma yangu, makapu yao matupu kichwani, wote wakija kwangu kutazama televisheni. Nilitembea mbele kwa madaha. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, na katika kitongoji chetu kizima hakuna mwingine aliyekuwa na king'amuzi kinachorekodi. Laiti ningejua kilichokuwa kinanisubiri sebuleni, ningewaambia wakapike kwanza.

Mwanangu, wiki hii umenipigia simu mara mbili ukiniuliza ununue king'amuzi kipi cha kurekodi, maana vipindi unavyovipenda vinapita ukiwa kazini. Unasema muuzaji amekwisha kukuchagulia, nawe unaona haya kumsumbua kwa maswali. Hilo neno haya ndilo lililonifanya nikae chini nikusimulie. Nami niliwahi kuona haya. Sikiliza yalivyonipata.

Juu ya kitongoji chetu kuna msitu mdogo, na ndani yake chemchemi. Maji yake ndiyo yanayoshuka bondeni kwenye karoti na kabichi zetu, na ndiyo tunayopikia. Mwaka ule alikuja bwana mmoja mwenye kampuni ya kupasua mbao. Alikuwa mtu wa maneno laini, anayekusalimia mpaka unasahau alichokuja kutafuta. Alitaka miti. Wazee wakakaa naye, wakazungumza, lakini karatasi ilikuwa bado haijaandikwa. Kisha wakaja watu wa televisheni wanaotengeneza kipindi cha wakulima, wakamhoji palepale msituni, kwenye jiwe kubwa lililo chini ya chemchemi. Wanawake tulikuwa tumesimama nyuma na ndoo zetu. Akaliwekea jiwe mkono, akasema mbele ya kamera, "Juu ya jiwe hili hatugusi hata tawi."

Watangazaji wakatuambia kipindi kitaonyeshwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Jumamosi ni siku ya gulio. Saa tisa hakuna mwanamke wa kwetu aliye nyumbani. Wote tuko Mlola tunapigania bei. Nikajisemea, maneno yale nayataka. Nayataka ndani ya nyumba yangu, niyafungulie siku nitakayo. Ahadi ya mdomo ni umande, jua likitoka huioni tena.

Mume wangu Rajabu si mtu wa maneno mengi. Nilipomwambia nataka king'amuzi cha kurekodi alisema tu, "Kama karoti zako zinatosha, nunua." Aliyecheka ni mdogo wake, shemeji yangu Shabani, mtu ambaye hakuna jambo chini ya jua asilolijua. "Shemeji," akasema, "wewe karoti zako wazihesabu kwa macho, sasa kurekodi kwa nini?" Hata hivyo akasema lazima anisindikize Lushoto, maana mwanamke akienda peke yake atauziwa redio akidhani ni televisheni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakubali kusindikizwa.

Dukani muuzaji alizungumza na Shabani. Pesa zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga yangu, lakini macho ya muuzaji yalikuwa kwa Shabani. Nilikuwa na maswali yangu, nimeyapanga tangu nyumbani. Nikirekodi kipindi kimoja, wengine wataweza kutazama kingine? Umeme ukikatika, kilichorekodiwa kinabaki? Yalikuwa yamefika mdomoni kabisa. Muuzaji akatoa kisanduku cheusi kinachong'aa, chenye taa ya buluu, akasema, "Hiki ndicho wanachochukua wengi." Shabani akatikisa kichwa kama fundi aliyekiunda. Nikafungua pindo, nikalipa.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya changu siku ile hakikuwa na mshindo wowote, mwanangu. Kilikuwa woga tu uliojifunga kanga nzuri.

Basi turudi Jumamosi ile. Asubuhi kabla ya kwenda gulioni nilikitega kisanduku kirekodi saa tisa. Niliporudi na wale wanawake tisa, nilimkuta Shabani na rafiki zake wawili sebuleni, mpira umekwisha, wanabishana kuhusu penalti. Nikawasalimia, nikachukua rimoti, wanawake wakakaa mkekani. Kipindi kikafunguka. Ukaja muziki, akaja mtangazaji akasema kipindi kitarudiwa Alhamisi saa tatu asubuhi, ukaonekana mlima wetu, likaanza kuonekana jiwe. Kisha kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza tena. Dakika nne tu, basi.

"Shemeji," nikamuuliza Shabani, "umekifanya nini hiki?"

"Sikukifanya kitu. Nilipoweka chaneli ya mpira kiliniuliza kama nataka kusimamisha kurekodi. Nikakijibu ndiyo. Mpira ulikuwa umeanza."

Hapo ndipo nikajua nilichonunua. Kilikuwa kisanduku chenye sikio moja. Kikisikiliza huku, hakisikii kule. Ukitaka kirekodi, nyumba nzima itazame hichohicho; mtu akibadili chaneli, kimeacha kazi yako. Wanawake wakainuka mmoja mmoja. Jirani yangu Mama Yohana, ambaye kila Jumapili huomba kwa ajili yetu sote pale kanisani kwao, alinigusa bega akasema, "Tutaona siku nyingine, dada." Afadhali angenicheka. Huruma ile iliniuma kuliko kicheko.

Mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, alikuwa kizingitini anachambua maharage, na kila kitu alikuwa amekisikia. Nilikaa karibu naye nikitegemea aniliwaze. Nikaanza kumlaumu Shabani. Akaniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akaniuliza bila kuinua macho:

"Mkazamwana, ulikwenda kununua au ulikwenda kununuliwa?"

Nikachukua konzi ya maharage, nikachambua nami.

"Jembe unaligonga ulisikie mlio. Ng'ombe unamfungua mdomo uone meno. Hata maharage haya mimi nayatia jinoni kabla sijalipa. Hicho kisanduku ulikigonga wapi?"

"Niliona haya, Mama. Muuzaji alikuwa anazungumza na shemeji."

"Haya ni ya mwizi," akasema. "Wewe uliiba nini? Mwanangu Shabani ana makosa yake, nitamwambia mwenyewe. Lakini mdomo ulikuwa wako na pesa zilikuwa zako. Jumatatu kirudishe. Na ukiogopa, ogopa huku unauliza."

Kuna makaripio yanayomvunja mtu, na kuna yanayomnyoosha mgongo. Lile lilininyoosha. Shabani alipojua nataka kukirudisha alisema nitamwaibisha kwa muuzaji, kwamba kitu kikishanunuliwa hakirudi, kwamba nitakuwa kichekesho cha Lushoto nzima. Nikamwambia, "Basi watacheka nikiwa nacho kilicho kizuri." Jumatatu nikashuka peke yangu, kisanduku nimekifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto.

Muuzaji aliponiona alianza palepale, "Mama, bidhaa ikishatoka hairudi."

"Shikamoo yako iko wapi?" nikamuuliza, maana alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi.

Akatahayari kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sijaja kugombana. Nimeleta maswali niliyoyasahau."

Nikaweka kisanduku juu ya kaunta, mbele ya wateja wote, nikamwambia akichomeke kwenye televisheni ile ya ukutani, kirekodi taarifa ya habari, kisha aweke chaneli ya muziki. Kikauliza kama anataka kusimamisha kurekodi. "Umeona?" nikasema. "Mimi nilikuja kununua cha kurekodi. Hiki ni cha kubishana." Akaniletea kingine, nacho kinang'aa. Hicho kilirekodi huku kinaonyesha chaneli nyingine, nikafurahi. Nikamuuliza, "Na mwezi ambao karoti hazikutoka, nisipolipia, nilichokwisha kurekodi kitafunguka?" Akatazama dari. Akasema hilo watu huwa hawaulizi.

"Mimi ndiye mtu. Nauliza."

"Mama, unachelewesha wateja."

"Mimi nami ni mteja. Nangoja zamu yangu tangu wiki iliyopita."

Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, usidhani nilikuwa shujaa. Lakini nilikuwa nimeshasema, na neno likishatoka linakuvuta nawe utoke. Nyuma ya duka alikuwapo dada mmoja fundi, jina lake Neema, anatengeneza redio. Akaweka chini bisibisi, akaja, akanisalimia vizuri, akaniuliza nataka kurekodi nini hasa. Ajabu, hilo lilikuwa swali la kwanza nililoulizwa katika duka lile. Nikamweleza: kipindi cha chaneli ya bure, Alhamisi asubuhi, nyumba yenye watu wengi, umeme wa kukatikakatika, na nataka kukiweka kwa miaka.

Neema akatoa rafuni kisanduku cha kijivu, kipana, hakina taa ya buluu wala nini. Kinapokea chaneli mbili kwa pamoja, akasema, na kina diski yake ndani. Nikamwambia tukijaribu. Tukarekodi habari huku tunatazama muziki. Nikamwomba achomoe waya ghafla, akauchomoa, akaurudisha. Kilichokwisha kurekodiwa kilikuwapo. Tukatoa kadi ya malipo, chaneli ya bure niliyoirekodi ikafunguka bila kinyongo. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile cha kijivu hakuna aliyekitembeza. Nikaongeza pesa kidogo, muuzaji akakubali kubadilisha, shingo upande.

Alhamisi Rajabu alikaa akatazama taarifa zake, nami nikaenda bondeni kupalilia. Alasiri wanawake wote tisa walirudi, Bi Mwajabu tukamweka kitini mbele. Kipindi kilikuwapo chote. Jiwe lilikuwapo, mkono ulikuwapo juu ya jiwe, na maneno yalikuwapo. Tuliyarudia mara tatu. Bi Mwajabu akasema, "Kifungie kabatini."

Mvua za masika zilipokwisha, watu wa kampuni walivuka jiwe. Walikuwa wameangusha miti miwili tuliposikia msumeno. Ukaitishwa mkutano pale shuleni. Yule bwana akaja na maneno yake laini, akasema hakuahidi kitu chochote kuhusu jiwe, alisema tu kwamba watajitahidi. Wanaume wakatazamana. Wengine walianza kukubali; walishakuwa vibarua wake. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza kama kuna mwenye ushahidi.

Nikasimama. Nikasema naomba nafasi ya kwenda nyumbani na kurudi. Televisheni aliibeba Shabani, kichwani, huku ananung'unika njia nzima kwamba nitaleta balaa. Lakini aliibeba. Kisanduku nilikibeba mwenyewe.

Tukakichomeka darasani. Bwana yule akajiona kiooni, mkono juu ya jiwe, akajisikia akisema hatugusi hata tawi. Watu hawakupiga makofi. Wote walimgeukia yeye. Akasema maneno yake yamekatwakatwa. Mama Yohana akamjibu kwa upole ule wake wa kanisani, "Basi tuonyeshe hicho kipande kilichokatwa, tukisikie nacho." Hakuwa nacho. Siku ileile wazee wakaandika karatasi, mpaka ukawekwa kwenye jiwe, naye akatia saini.

Nisikudanganye kwamba wote walinishukuru. Kampuni ilihamia kwingine, na vijana waliokuwa wanapata kibarua wakasema nimewanyang'anya ugali. Wapo walionipita njiani mwaka mzima bila salamu. Waliniita mama rekodi, na hawakuwa wananisifu. Niliumia, lakini sikuomba radhi. Sijaomba hadi leo, na sitaomba, maana maji yanashuka bondeni na wao pia wanayanywa. Kile kisanduku kilipigwa na radi miaka miwili baadaye kikafa kifo chake. Nilikwenda kununua kingine, na safari hiyo nilikwenda peke yangu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, naisema wazi usije ukaniuliza tena kwa simu. Usinunue king'amuzi kwa sababu wengi wanakichukua. Hao wengi hawatakuja kukaa sebuleni kwako. Jua kwanza unataka kurekodi nini, ndipo uingie dukani. Mwambie akichomeke mbele yako, kirekodi kimoja huku kinaonyesha kingine. Mwambie auchomoe waya. Muulize kinahifadhi saa ngapi, na usipolipia mwezi mmoja nini kitafunguka na nini kitafungwa. Akisema watu hawaulizi, wewe uliza. Akimtazama mwenzako badala yako, rudia swali mpaka akutazame wewe. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ya muuzaji haidumu kama hasara ya mnunuzi. Na si kwa king'amuzi tu. Kazini, kwenye mikataba, hata kwenye posa, mtu akikuharakisha unyamaze, jua kuna jambo ambalo swali lako lingelifunua. Adabu ni kumwamkia aliyekuzidi na kumheshimu aliye chini yako. Kuuma ulimi wakati haki yako inauzwa si adabu, na asikufundishe hivyo mtu yeyote, hata akiwa na mvi kama zangu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi ulionyooka na moyo usiorudi nyuma. Akujaalie nyumba yenye amani, riziki ya halali, na majirani wa kuketi nawe mkekani. Pale utakapotetemeka, akushike mkono usimame hivyohivyo. Amina.