Diski Mbili za Jina la Mama

Kwetu mjukuu hurithi jina la babu au bibi. Nyumbani, ng'ambo ya mto kutoka Garsen, tuliwahi kukaa watatu wa jina moja kwenye jamvi moja, na hakuna aliyekula chakula cha mwenzake. Basi niliponunua diski mpya ya kunakilia sauti ya marehemu mama, niliipa jina lile lile la diski ya zamani: jina lake. Nina digrii mbili, na sikuona tatizo.

Sauti yenyewe ilikuwa kwenye ile ya zamani tu. Mama akieleza mashamba yetu yalikuwa wapi kabla mto haujahama, na akiimba wimbo wa kutwanga mpunga. Dada yangu, aliyeolewa Chara, alitaka tuisikilize siku ya kuweka msalaba kaburini.

Kompyuta haivumilii majina pacha. Diski inayochomekwa kwanza hubaki na jina. Ya pili hubandikwa namba moja. Mimi nilitangulia kuchomeka ile mpya. Kunakili kulipogoma, nikaamua kuifuta diski mpya nianze upya. Nikaona yenye namba, nikajiambia huyu ndiye mjukuu, nikaifuta. Nilipofungua ile nyingine, nikaikuta tupu.

Mwenye duka la kutengeneza kompyuta pale Garsen, mama mmoja mpole, alihangaika siku mbili na ile niliyoifuta.

"Mwalimu, ulifuta kawaida, au ile ya kusugua kabisa, isiyoacha kitu cha kurudisha?"

"Ya kusugua. Iliandikwa kwamba ndiyo salama."

"Salama kwa nani, mwalimu?"

Nikampigia dada. Akaanza kunifariji mimi.

"Si neno, kaka. Mashine ni mashine. Wewe si ulikaa naye mchana kutwa? Siku hiyo utasimama tu, utuambie alichosema."

Ni kweli nilikaa naye. Nilikuwa nikitazama kitaa chekundu cha kinasa sauti, nikikagua betri, nikifukuza kuku wasipige kelele. Mara mbili nilimwomba arudie kwa sababu ya upepo. Maneno niliyaacha yapite. Nitayasikiliza vizuri baadaye, nilijiambia, maana yote yanaingia.

"Dada, sikusikiliza."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

Hakukata simu. Nilimsikia akiiweka mahali taratibu, kisha akimimina maji sufuriani.